Mtazamaji Mmoja

Njoo Uone ilianza kwa sababu Bibi alitaka kumwona kitukuu wake.

Mjukuu wake mmoja alikuwa ameolewa nchi ya mbali, akajifungua huko, na mumewe akampiga mtoto video akiogeshwa. Siku hizo video kama ile ilikuwa nzito kupita kwenye barua pepe. Kila ikitumwa inakataa. Wakaiweka kwenye diski, wakaituma kwa posta, ikafika imepasuka katikati. Bibi aliigeuzageuza mkononi, akaichungulia kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Sasa mtoto yuko upande upi?"

Mjukuu wake wa kiume hakucheka. Huyu walimwita Umeme tangu utotoni, maana hakuwahi kukaa mahali mpaka kiti kikapata joto. Alitoka mbio hadi kwa rafiki yake Fundi, mtengeneza kompyuta mpole ambaye maneno yake ya siku nzima yangeenea kwenye kiganja. Akamwambia kwamba wanaotaka kuona wapo, wenye cha kuonyesha wapo, kinachokosekana ni mahali pa kukutana. Baada ya wiki kadhaa kukawa na ukurasa mmoja mweupe kwenye mtandao, na ndani yake mtoto mmoja kwenye beseni. Bibi alikaa mbele ya kompyuta akiwa amevaa nguo yake ya kutokea. Akamsalimia mtoto, akamsifia mapaja, halafu akamgeukia Umeme, amenuna kidogo.

"Mbona haniangalii?"

Majirani wakasikia. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mbali, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mtu wake angependa kukiona. Ukurasa ukajaa, ukaongezwa mwingine. Sebule ya Bibi ikajaa nyaya mpaka ikabidi wahame, wakapanga chumba juu ya duka la magodoro.

Hapo ndipo alipoingia dada mkubwa wa Umeme, ambaye watu wote walimwita Tiketi, hata wale wasiojua kwa nini. Sababu ilikuwa rahisi. Miaka mingi alikuwa ameuza tiketi kwenye jumba la sinema, amekaa ndani ya kibanda cha kioo, akisikia filamu kwa nyuma ya ukuta. Alizijua filamu zote kwa masikio. Alijua wapi watu wataangua kicheko na wapi watanyamaza kama wamemwagiwa maji, lakini filamu yenyewe hakuwahi kuiona tangu mwanzo hadi mwisho, maana ikianza yeye bado anahudumia waliochelewa. Jumba lilipofungwa na viti vyake kuuzwa, alirudi nyumbani akiwa na ufunguo wa kibanda ambacho hakipo tena, akakaa.

"Dada," Umeme alimwambia siku moja, akiwa amesimama mlangoni kama kawaida yake, mguu mmoja ndani mmoja nje. "Watu wanaweka mambo ya ajabu. Juzi mmoja ameweka jirani yake anaoga. Tunahitaji mtu wa kuziangalia kabla hazijaonekana."

"Kuziangalia tu?"

"Kuziangalia tu."

"Mpaka mwisho?"

Umeme hakuelewa kwa nini dada yake aliuliza hivyo, wala kwa nini uso wake ulichangamka. "Ukitaka," alisema.

Chumba kile kilikuwa na harufu ya sponji mpya iliyopanda kutoka chini, na joto la mashine ambazo Fundi alizipanga ukutani kama makabati. Mashine zilivuma kwa sauti moja, taratibu, kama watu wengi waliolala pamoja. Chini, wateja walikuwa wakijinyoosha kwenye magodoro kuyajaribu. Wengine walipitiwa na usingizi kweli, na mwenye duka, mzee mwenye roho nzuri, aliwaacha. Mara nyingine yeye mwenyewe alijilaza pembeni yao. Kwa hiyo Tiketi alifanya kazi yake juu ya watu waliolala, mapazia yamefungwa mchana kweupe ili kioo cha kompyuta kionekane vizuri, masikioni amevaa spika ndogo, na mbele yake dunia inapita.

Ilipita hivi. Mtu anamfundisha mkewe kuendesha gari, na gari halisogei. Mtoto analilia kivuli chake. Mwanamke anaimba huku akimenya viazi, anasahau maneno, anaendelea na mluzi. Mvua kwenye bati. Mvua kwenye maji. Watu walikuwa wakirekodi mvua sana, jambo ambalo Tiketi hakulitegemea. Zile mbaya alizifuta, akasonya, akanywa maji, akaenda kwenye inayofuata. Zile nyingine aliziruhusu kwa kubonyeza kitufe kimoja, na kila akibonyeza alijisikia kama anamkatia mtu tiketi, mtu ambaye hakuwa na haraka.

Jioni alipokuwa akitembea kurudi nyumbani, mitaa ilionekana kama video ambayo mtu ameisahau inajicheza. Alimwona mtu akifungua mwavuli, akasubiri kuona atafanya nini. Alisimama mbele ya dirisha la watu wasiomjua mpaka mama mmoja akamuuliza, "Dada, umepotea?" Akashtuka, akaomba radhi. Usingizini aliwaota watu ambao hajawahi kukutana nao, na katika ndoto walimjua.

"Dada yako siku hizi anakuangalia kama anakupitia hivi," Bibi alimlalamikia Umeme. "Nimemwita mara tatu, anatabasamu tu."

Mama Yako alikuja mwaka wa pili.

Hilo ndilo jina ambalo mtu yule alijiandikisha nalo. Umeme alipoliona alivunjika mbavu. "Huyu anatukana watu au? Mama Yako! Fundi, njoo uone mtu anavyotafuta ugomvi."

Fundi alikuja, akaona, akatabasamu, akarudi kwenye mashine zake.

Lakini video zenyewe hazikuwa na ugomvi wowote. Ilikuwa ni ua wa nyumba, umefagiwa, na bomba linalodondosha maji kwenye ndoo. Simu ilikuwa imewekwa mahali pamoja, haitikisiki. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila matone. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, kutoka nje ya picha, ikasema, "Bomba bado linavuja." Video ikaisha.

Baada ya siku chache ikaja nyingine. Pazia la rangi ya maziwa likiingia na kutoka dirishani. "Nimeyafua yote leo." Ikaja nyingine, ua baada ya mvua, na paka anayevuka madimbwi kwa madaha, akikung'uta mguu mmoja mmoja. Hiyo haikuwa na maneno, ila kicheko kidogo mwishoni. Mwanamke mwenyewe hakuonekana, isipokuwa mkono au upindo wa gauni. Mara moja tu alionekana mzima, kwa mgongo, amepanda ngazi ya mbao akipaka rangi mlango.

Hakuna aliyezitazama. Chini ya kila video Fundi alikuwa ameweka tarakimu ya kuonyesha imetazamwa mara ngapi, na chini ya hizi kulikuwa na moja. Moja, moja, moja, kama mtu anayehesabu bila kusonga mbele. Moja hiyo ilikuwa ni Tiketi, maana mashine ilimhesabu na yeye kama mtu mwingine yeyote. Hakulifikiria sana jambo hilo. Alijua tu kwamba mchana ukiwa mrefu, na macho yakiwa yamechoka na vurugu za watu, ua ule ukifika mbele yake mabega yake yalishuka yenyewe. Alikaa pale uani mpaka tone la mwisho.

Kisha ikaja ile video ya keki.

Ilikuwa harusi ya watu wasiojulikana, na keki ya ghorofa nyingi ilikuwa imeanza kuinama taratibu, wakati msemaji akiendelea kusema juu ya ndoa imara. Mjomba wa bwana harusi aliruka meza, akaikinga kwa kofia yake, akabaki ameikumbatia hivyo huku hotuba ikiendelea, malai ikimtiririka shingoni, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesikiliza habari. Kufumba na kufumbua dunia nzima ilitaka kumwona mjomba yule. Mashine za Fundi zilipata moto. Walifungua madirisha yote, wakazipepea kwa maboksi ya magodoro, na mwenye duka naye akapanda na feni yake mwenyewe begani, akiuliza, "Mgonjwa ni nani?" Umeme alikuwa akikimbia kutoka mashine hii hadi ile, akicheka na kulia kwa pamoja. Fundi alisema neno moja tu siku ile. Alisema, "Duh."

Baada ya hapo hakukuwa na utulivu. Walichukua vyumba vya jirani na ukumbi wa chini, kando ya duka. Waliajiri watu wenye vitambulisho shingoni. Ukurasa wa mbele, ule ambao kila anayeingia Njoo Uone anauona kwanza, ukawa kama meza ya wageni wakubwa. Waliokaa pale walijulikana, na waliobaki nyuma walibaki nyuma. Wakaja watu wa kampuni kubwa, wamevaa viatu visivyotoa sauti. Walitembea kati ya mashine wakiitikia kwa vichwa, wakamsifu Fundi, wakakaa na Umeme chumbani mlango umefungwa. Umeme alipotoka alikuwa amekaa kitini muda mrefu kuliko siku zote za maisha yake, na ilimwonekana.

"Wanatununua, Dada," alisema.

"Pamoja na mimi?"

Alikuwa anatania, lakini Umeme hakucheka. Kampuni kubwa ilikuwa na programu ya kukagua video. Programu haichoki, haisonyi, haihitaji kuangalia mpaka mwisho, na haimo kwenye hesabu ya watazamaji. Fundi aliiweka ndani ya siku mbili, akiwa hamtazami Tiketi usoni. Tiketi wakamhamishia chini, kwenye meza ya kupokea wageni, mpaka makubaliano yatakapotiwa saini. "Utapumzisha macho," Umeme alimwambia, na alisema kwa upendo.

Macho hayakutaka kupumzika. Pale mezani aliwatazama wageni wakiingia na kutoka mlango wa kioo, akashindwa kukumbuka sura ya hata mmoja. Alijiambia kwamba akipata nafasi atautafuta ua wa Mama Yako. Lakini video zilikuwa zimeshakuwa nyingi kama mchanga, na simu ilikuwa inalia, na kila siku akasema kesho.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja mwembamba, ameshika simu iliyofungwa kwenye leso. Alisimama katikati ya ukumbi akiangalia juu kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada isiyo yake.

"Karibu, Mama," Tiketi alisema. "Nikusaidie nini?"

"Asante, mwanangu. Hapa ndipo Njoo Uone?"

Tiketi aliitambua sauti ile. Ni kama vile ua ule, bomba na paka vimeingia ukumbini kwa miguu. Alitaka kusema, shikamoo, pole na mapazia, bomba limepona?

"Ndipo. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza habari za mwanangu." Mama alifungua leso, akamwonyesha simu. "Yeye huwa ananiangalia kila ninapoweka. Kila video, hajawahi kuacha hata moja. Ninaona hapa chini, inaandika moja. Sasa wiki zote hizi inaandika sifuri. Nikasema labda nyinyi mnajua. Labda anaumwa."

Tiketi aliinuka. Alimshika mama mkono, akampeleka kwenye chumba kidogo cha nyuma kilichokuwa na viti viwili na magodoro ya mfano yaliyosimamishwa ukutani, akafunga mlango. Ni kwa sababu alihitaji kukaa, wala si kwa sababu alijua atasema nini.

Mama akaeleza bila kuulizwa. Mwanawe alikuwa ametoka nyumbani baada ya kukorofishana na baba yake. Baba alitaka mtoto ashike gereji. Mtoto alikuwa hataki hata kuisikia. Maneno yalirushwa ambayo hayaokoteki. Baadaye baba akafa, na mtoto hakuja kuzika, labda kwa kutojua, labda kwa haya. Simu zake hazipatikani. Lakini rafiki yake mmoja alipita na kusema kwamba huko aliko, jamaa akimaliza kazi hana starehe nyingine ila kujifungia na kuangalia video za Njoo Uone. "Nikamwambia rafiki yake anifundishe kuweka," mama alisema. "Sikutaka kumsemesha wala kumlilia. Nilitaka aone tu kwamba nyumba ipo. Nikaandika jina, atajua ni mimi. Na akajua! Siku ya kwanza tu, moja. Nilikaa chini nikalia."

Feni ilizunguka juu yao. Kwa mbali mtu alikuwa akicheka kwenye simu.

Ingekuwa rahisi kusema mashine zimeharibika. Ingekuwa rahisi zaidi kupanda juu, kubonyeza, na kuirudisha ile moja, leo na kesho na siku zote. Tiketi aliliona wazo hilo, akaliangalia vizuri, na akamwona mama huyu akizeeka mbele ya mtu ambaye hayupo.

"Mama," alisema, "ile moja ni mimi."

"Wewe ndiye nani?"

"Kazi yangu ilikuwa kuziangalia video zote kabla hazijaonekana. Mashine ilikuwa inanihesabu. Mwanao... sijui kama amewahi kuziona. Zinawekwa nyingi sana, Mama, zako zinazama. Mimi ndiye niliyekuwa naziona."

Mama hakulia. Aliifunga simu yake kwenye leso, kona moja, ya pili, ya tatu, kwa uangalifu mkubwa.

"Uliziangalia mpaka mwisho?" aliuliza.

"Mpaka mwisho."

"Hata ya paka?"

"Ya paka niliirudia."

Mama aliinua uso, na macho yake yalikuwa na hasira ambayo Tiketi hakuitegemea. "Basi muda wote huo nilikuwa namsimulia mtu wa ofisini," alisema. Akasimama, akatoka, na mlango wa kioo ukafungwa nyuma yake polepole kama ulivyotengenezwa.

Tiketi hakula siku ile. Jioni alimsimulia Umeme yote, na kwa mara ya kwanza Umeme alikaa akasikiliza mpaka mwisho bila kutikisa goti.

Siku zikapita, na siku ya kukabidhi ikawa inakaribia. Kisha mama akarudi. Safari hii hakusimama katikati ya ukumbi. Alikuja moja kwa moja hadi mezani, amevaa nadhifu, amejikaza.

"Nimefikiri," alisema, bila salamu. "Unasema zangu zinazama. Kuna ambazo hazizami?"

"Zipo, Mama. Zinakaa ukurasa wa mbele. Kila anayeingia anaziona kwanza."

"Kumbe mna sebule. Na mimi mmeniweka stoo."

"Ndiyo, Mama."

"Basi niwekeni sebuleni. Siku moja tu."

Tiketi alimpandisha juu. Umeme alikuwa na watu wawili wa viatu vya kimya, wakipitia mambo ya makabidhiano. Alisikiliza. Mmoja wa wageni akasema kwa upole kwamba ukurasa wa mbele ni mahali pa video zinazopendwa, na kwamba za mama hazikuwa zimetazamwa na mtu.

"Zimetazamwa na Dada," Umeme alisema.

"Tunamaanisha na watu."

Umeme alimwangalia mgeni yule kwa muda, na Tiketi akaona shingo ya mdogo wake ikivimba kama alivyokuwa akifanya utotoni kabla ya kurusha kitu. Lakini hakurusha. "Mpaka Ijumaa hii nyumba ni yetu," alisema. "Mama, unataka tuweke ipi?"

Walidhani atachagua ile ya mapazia, au paka. Mama hakusita. "Ile ya ngazi."

"Ya kupaka rangi mlango?" Tiketi aliuliza. "Umetugeuzia mgongo, Mama, uso hauonekani."

"Uso wangu anaujua. Namjua mwanangu mimi. Ukimlilia anakimbia, ukimwita ananyamaza. Lakini hawezi kuona mtu mzima juu ya ngazi akafunga mdomo. Tangu mdogo. Wekeni ya ngazi."

Fundi akageuza kiti, akaandika mistari michache, akabonyeza. Mchana ule kila aliyefungua Njoo Uone, popote alipokuwa, alimkuta mwanamke amempa mgongo, juu ya ngazi ya mbao, anapaka mlango rangi ya bluu bila haraka. Chini ya picha Tiketi alikuwa ameandika tu: Mama Yako anapaka mlango.

Kwanza watu walicheka jina. Kisha wakanyamaza, au ndivyo ilivyoonekana kutokea pale chumbani, maana tarakimu ilikuwa ikipanda lakini maoni yalikuja machache, kama watu wanaoingia chumba chenye mgonjwa. Halafu ngazi ikayumba kidogo, pale ambapo mama ananyoosha mkono kufikia kona ya juu, na dunia nzima ikapiga kelele. Mama shuka! Jamani, mshikieni ngazi! Yuko wapi mtoto wa mama huyu? Mama, acha hiyo kona, hakuna atakayeiona. Nina mama kama huyu, nimempigia simu sasa hivi, amenitukana. Mama mwenyewe, akiwa kitini pembeni ya Tiketi, alikuwa akisomewa yote, na kila mara alijibu kwa sauti kana kwamba wanamsikia: "Asante. Nilishuka salama. Asante, baba. Na wewe msalimie."

Mchana ukaisha, jua likalala kwenye sakafu, chai ikapoa vikombeni. Tiketi alisoma mpaka herufi zikaanza kuogelea. Wakati fulani hakuwa na uhakika kama anasoma au anaota, na sauti za watu wale wote zilikuwa zikimpitia kama hewa ya dirishani. Akasoma moja nyingine kwa sauti ileile ya uchovu:

"Mguu wa kushoto wa ngazi hiyo umelegea, nilishakwambia. Baba ameshindwa kuufunga?"

Mama alikuwa amemshika kiwiko.

"Rudia."

Akarudia.

"Hajui," mama alisema taratibu. "Hajui kama baba yake hayupo."

Hata wale wageni wawili, waliokuwa wamebaki mlangoni kwa sababu zao wenyewe, walikuwa wameinamisha vichwa. Fundi aliinuka, akampisha mama kiti chake mbele ya kompyuta, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Mama akasogea. Hakutaka kuandikiwa. Alitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, midomo ikitamka, na ilimchukua muda mrefu sana kuandika maneno machache: Njoo uufunge wewe.

Halafu akaandika namba yake ya simu, akakaa, simu mapajani juu ya leso. Waliokuwa chumbani walijifanya wana kazi. Simu ilipolia, mama aliiacha ilie kidogo, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa, ndipo akaipokea. Alitoka nayo kwenye ngazi za kushukia dukani. Walimsikia akisema haloo, kisha kimya, kisha, "Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Alikuwa amelala tu." Kisha sauti yake ikashuka, na mwenye duka la magodoro, aliyekuwa chini, akafunga redio yake.

Ijumaa Njoo Uone ikakabidhiwa. Haikuchukua muda jina likabadilishwa, rangi zikabadilishwa, na mjomba wa keki akawekewa tangazo mbele yake. Umeme alikaa na kampuni kubwa muda mfupi, akashindwa kuvumilia viti vyao, akaondoka kwenda kuanzisha kitu kingine ambacho hakuna aliyekielewa vizuri. Fundi alibaki na mashine zake. Tiketi walimpa nafasi kwenye jengo lenye watu wengi wa kuangalia, kila mtu na kioo chake, kwa zile video ambazo programu inazitilia shaka. Ni zile mbaya tu. Alikwenda kuona, akashukuru, akakataa.

Alikuwa nyumbani, anamkata Bibi kucha, yule mama alipompigia simu na kumwelekeza njia.

Ilikuwa mtaa tulivu wenye nyumba zinazofanana. Aliujua mlango kabla ya kufika. Mama alimfungulia akiwa ameweka kidole mdomoni. "Amelala," alinong'ona. "Amefika alfajiri, amelala hivyo na nguo zake. Pita, mwanangu, pita uani."

Kwenye kizingiti kulikuwa na viatu vya mwanamume, vikubwa, vyenye vumbi, kimoja kimelalia kingine. Tiketi alivua vyake, akaviweka kando.

Ua ulikuwa mdogo kuliko alivyoujua. Alisimama katikati yake, akaogopa kidogo kusogea, kama mtu aliyeingia kwenye picha ya watu wengine. Bomba lilikuwa palepale na ndoo yake. Paka alimwangalia mara moja, akaendelea na shughuli zake. Lakini kulikuwa na harufu ambayo hakuna video iliyowahi kumletea: sabuni, udongo uliolowa, na kitu kitamu kidogo kutoka kwenye kuta, labda ni uzee wa nyumba yenyewe. Na alipogeuka aliona upande ambao hakuwahi kuuona, ule wa nyuma ya simu. Kulikuwa na kiti cha chini chenye mto uliobonyea katikati, na mbele yake stuli yenye matofali mawili, mahali pa kuegeshea.

"Nilikuwa nakaa hapa," mama alisema. Akausogeza mto, akaupigapiga. "Kaa."

Tiketi akakaa. Mama akaleta chai, akaketi karibu yake juu ya ndoo iliyofunikwa, wakauangalia ua. Kutoka chumba cha ndani, kupitia dirisha lililo wazi, ilisikika pumzi ya mtu aliyelala usingizi mzito, ikienda na kurudi.

"Anakoroma kama baba yake," mama alisema, na akacheka bila sauti mpaka ikabidi aweke kikombe chini.